Siku Pasta Mwita Alipopanga Mataya ya Fulu

Fulu, huyu samaki mdogo wa ziwa letu, akishatolewa majini, usimkimbilie kwa kisu. Mtazame kwanza. Rangi yake haikungoji. Dume aliyekuwa na ubavu mwekundu saa tatu asubuhi, saa saba ni wa kijivu kama wenzake, na wewe utaapa kwamba hukuona wekundu wowote. Andika rangi angali anapumua. Baada ya hapo mfungue mdomo, ingiza ncha ya kidole, upapase meno. Kisha uende mbali zaidi, kooni, ambako ana taya la pili. Hapo ndipo alipoficha habari zake. Mla konokono ana meno butu yaliyojaa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Anayekwangua mawe ana meno mafupi ya brashi. Anayekula wenzake, atakuchoma.

Nyinyi vijana mnaoletwa stesheni kwa mafunzo ya miezi mitatu mnapiga picha kwa simu na kuondoka. Picha sikatai, ni nzuri. Ila simu haina kidole.

Mimi ni Perez Awuor. Kazi yangu, mpaka nilipostaafu, ilikuwa kuandaa sampuli za samaki kwenye stesheni ya utafiti hapa ufuoni. Sikuisomea. Nilikuwa naanika omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay na mtoto mgongoni, siku Daktari Wanza alipotokea na ndoo, mwanamke mfupi wa kutoka Machakos asiyejua neno la Dholuo, lugha yetu. Akasema kwa Kiswahili anataka fulu, wa kila aina. Wanawake walicheka. Mbuta, yule sangara mkubwa aliyeletwa ziwani, alikuwa ameshawala fulu wengi, na wale waliobaki walikuwa samaki wa kuwapa paka. Kila mtu akammwagia kwenye ndoo fulu walewale.

Mimi nilimletea saba juu ya kifuniko cha sufuria.

"Hawa ni aina saba," nikamwambia.

"Mbona mimi naona tano?"

"Wafungue midomo, Daktari."

Nyanya yangu ndiye aliyenifundisha, maana mla konokono ana mchanga tumboni na huoshwa mara mbili kabla ya kukaangwa. Daktari alikaa kwenye mchanga na sketi yake safi, akapapasa mmoja baada ya mwingine, akaanza kucheka peke yake. "Mimi nimekaa chuo kikuu miaka kujua hili," akasema. "Na wewe unaanika omena. Kesho uje kazini."

Msidhani basi kwamba niliingia kazini nikiwa fundi. Mwezi wa kwanza nilitumwa kisiwa cha Remba, nikavua na kuhifadhi wiki nzima, kila chupa na lebo yake ndani: mahali, kina cha maji, rangi ya dume. Niliandika kwa kalamu ya wino, mwandiko mzuri wa darasa la saba. Tulipofungua chupa, wino wote ulikuwa umeyeyukia kwenye spiriti. Tulikuwa na chupa arobaini za samaki wa buluu na karatasi nyeupe. Daktari hakupiga kelele. Alizipanga mezani, akazitazama kwa muda mrefu, akasema, "Samaki asiye na mahali ni kitoweo tu." Nilikuwa nimeanza kukusanya leso yangu niende nyumbani. Akapanda stuli, akatoa chupa moja ya zamani nyuma ya kabati, akanipa. Karatasi iliyokuwa ndani ilikuwa nyeupe pe. "Hiyo ni yangu," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza. Siitupi." Kisha akanipa penseli. Penseli ya kawaida ya shule, wanangu, haitoki. Msinunue kitu kingine.

Malaria ilinishikia kisiwani Takawiri. Tulikuwa tumekwenda kuvua fulu wa mawe, wale wanaozaliwa kwenye mwamba wao na hawathubutu kuvuka mchanga kwenda mwamba mwingine. Hapo ndipo jambo lilipoanza kunisumbua: mwamba huu, madume ni wa buluu, mwamba ule, mwendo wa kupiga kasia dakika kumi, wana mgongo wa manjano na taya nene kidogo. Nililala mchana chini ya turubali natetemeka, Daktari amenifunika na kila nguo aliyokuja nayo, nikamuuliza, "Nani aliwagawia hawa miamba?"

Akanieleza habari za Waingereza wawili wa zamani. Wa kwanza alitoka nyumba ya watu wenye uwezo, akapelekwa chuo ili awe mchungaji.

"Mchungaji wa kanisa?" Nilijaribu kuketi.

"Wa kanisa. Lala."

Badala ya kuchukua kanisa, kijana yule alipanda meli ya kuzunguka dunia. Akakusanya ndege, kobe, mifupa ya wanyama ambao hawapo tena. Akakuta visiwa vilivyo jirani, kila kimoja na ndege wake, midomo imetofautiana kufuata chakula. Aliporudi kwao alifuga njiwa, akawa anakaa na wafugaji wa njiwa na kuwauliza wanachaguaje dume na jike. Akaona kwamba mfugaji akichagua vizazi vingi, anapata njiwa ambaye babu yake hangemtambua. Akajiuliza, na porini ambako hakuna mfugaji, ni nani anachagua? Akajibu kwamba wanaozaliwa ni wengi kuliko watakaoishi. Anayefaa mahali pale anabaki na kuzaa, asiyefaa anaondoka. Mwite njaa, mwite adui, mwite ukame, hao ndio wanaochagua. Alikaa na wazo hilo miaka mingi bila kulitangaza. Mke wake alikuwa mtu wa maombi, na yeye mwenyewe alijua litawaumiza watu aliowapenda. Miaka hiyo aliipitisha akifungua vidude vya baharini vyenye magamba, kimoja kimoja, mpaka macho yakamuuma.

"Na wa pili?"

"Wa pili alikuwa kama wewe," akasema Daktari. "Mtu wa sampuli. Aliishi kwa kukaushia watu wengine ndege na vipepeo. Alikuwa kwenye visiwa vya mbali, amelala na homa, anatetemeka hivi unavyotetemeka, na wazo lilelile likamjia. Homa ilipopoa akaliandika, akamtumia yule wa kwanza kwa barua."

"Akaibiwa," nikasema. Wakubwa nawajua.

"Hakuibiwa. Maandishi ya wote wawili yalisomwa siku moja mbele ya wataalamu."

Siwezi kuwaeleza furaha niliyoipata chini ya lile turubali. Si kwa sababu ya njiwa. Ni kwa sababu mtu wa kazi ya mikono, asiye na digrii, mgonjwa, alikuwa ameona mbali sawa na tajiri mwenye maktaba, na tajiri hakumficha.

Lakini sitawadanganya kwamba jambo lile lilinishukia kooni kama uji. Mama yangu alinifundisha kusoma kwa kitabu cha Mwanzo, kidole chake juu ya neno, changu juu ya chake. Tulipokuwa tunarudi na boti nikamuuliza Daktari, "Na Mungu?" Akafikiri. "Mimi Jumapili niko misa," akasema. "Jumatatu niko kwa chupa. Sijawahi kuona moja ikinifukuza kwa nyingine. Lakini hilo utajiamulia, Perez. Mimi si pasta."

Pasta tulikuwa naye. Pasta Mwita alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mrefu, mfugaji wa ng'ombe, na alihubiri kwa Kiswahili kwa sababu kanisa letu lilikuwa na Wajaluo nusu na Wakuria nusu. Mimi nilifundisha shule ya Jumapili kwenye kanisa hilo miaka kumi na moja. Asubuhi moja tukiwa kwenye siku ya tano ya uumbaji, msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, fulu wote wale waliumbwa siku moja?"

Ningesema ndiyo tukaimba. Lakini alikuwa ananitazama vile watoto wanavyomtazama mtu wanayemwamini, na mimi wiki ile nilikuwa nimeandaa wale wa Takawiri. Nikasema, "Wengi wao wametokea humuhumu ziwani, kutoka kwa wachache, polepole sana. Mungu ana njia ndefu."

Kabla ibada ya wakubwa haijaisha, habari zilikuwa zimebadilika: Perez anafundisha watoto kwamba babu zao ni nyani. Wanangu, sikutaja nyani hata mmoja. Nilitaja fulu.

Baraza la wazee liliniita. Mwenyekiti alikuwa Mzee Zablon, aliyekuwa fundi wa boti, mtu mwaminifu na mgumu kama mbao zake. Alisema watoto wamepotoshwa, kwa hiyo nisimame Jumapili mbele ya kanisa nikiri kwamba nilisema uongo. Nisipofanya hivyo, harusi ya binti yangu Lilian, iliyobaki wiki nne, haitafungwa pale. Baba yake Lilian alikuwa ameshafariki. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa hadi Rongo. Pasta Mwita alikaa pembeni, mikono magotini.

Nyumbani Lilian alilia. "Mama, si useme tu yaishe."

Nilimwendea Daktari nikitarajia atanipa nguvu za kukataa. Akaniambia, "Sema, Perez. Mimi sitakasirika. Fulu pia hawatakasirika. Mtoto anaolewa mara moja." Nilimheshimu zaidi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, lakini hakunisaidia.

Jumanne, Pasta Mwita alifika stesheni kwa bodaboda, kofia mkononi. "Nimekuja kuona hizo chupa," akasema, "kabla sijamwadhibu mtu kwa ajili yake."

Daktari alimvutia stuli. Hakumhubiria. Alimwuliza habari za ng'ombe wake, na mimi nikamkumbuka yule Mwingereza na wafugaji wake wa njiwa. Pasta akachangamka. Akaeleza jinsi baba yake alivyokuwa akichagua fahali: kwanza miguu, kwa sababu ya vilima, kisha mama yake huyo fahali, kama maziwa yake hayakatiki wakati wa kiangazi.

"Kwa hiyo ng'ombe wako leo si sawa na wale wa babu yako," akasema Daktari.

Pasta akatabasamu. Hakuwa mjinga. "Naona unakonipeleka. Lakini ng'ombe wangu bado ni ng'ombe. Sijaona ng'ombe akizaa punda."

"Hata mimi sijaona. Na siku nikiona, nitachoma vitabu vyangu mwenyewe, kwa sababu vinasema haiwezekani. Vinasema ni hatua ndogo, ndogo, na muda mrefu."

"Muda gani?"

"Mrefu kuliko tunavyoweza kukaa hapa, Pasta."

Akaniashiria. Nilileta mataya ya koo manane, niliyoyasafisha mwenyewe kwa mswaki, yakiwa yamechanganyika kwenye trei, nikaweka hadubini mbele yake na kumwonyesha jinsi ya kuzungusha kile kitufe. Daktari akamwomba ayapange apendavyo. Pasta Mwita akavua koti. Aliangalia moja, akalirudia, akabadilisha mawili, akamwomba Daktari asimzibie mwanga wa dirisha. Mikono ile niliyozoea kuiona juu ya vichwa vya watoto ilikuwa ikisogeza mifupa midogo kama kucha. Chai ilipoa. Alipomaliza, upande wa kushoto palikuwa na taya jembamba lenye meno kama sindano, na upande wa kulia taya nene lenye meno kama mahindi, na kati yake moja lilikuwa linaingia kwenye lingine, hujui hasa ni wapi wembamba umekuwa unene.

"Nani alipanga hivi?" akauliza, akiwa ameinama bado.

"Ni wewe, Pasta," nikasema.

Pasta akainua kichwa. "Kweli nimepanga mimi. Lakini huo mpangilio haukutoka kwangu, ulikuwa ndani yao. Aliyeuweka ni nani?"

Daktari Wanza, ambaye nimemsikia akiwajibu maprofesa bila kupepesa, aliweka mkono juu ya hadubini. "Hii haifiki huko," akasema. "Nikikwambia inafika, nitakuwa nakudanganya."

Pasta akavaa koti lake. Mlangoni akaniuliza, "Mama Lilian, haya ndiyo unayoyafanya kila siku?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni kazi safi," akaenda.

Jumapili ilifika na sikuwa nimeamua. Hiyo ndiyo kweli. Niliitwa mbele, nikasimama pale nilipozoea kusimama na watoto. Lilian alikuwa safu ya tatu na mchumba wake. Nikasema, "Naomba radhi kwamba nilimjibu mtoto wa mtu jambo zito bila kuzungumza kwanza na wazazi wake. Hilo ni kosa langu." Mzee Zablon akasema, "Endelea." Nikafungua mdomo kusema lile neno uongo, na halikutoka. Niliona yale mataya. Nikasema, "Mzee, sikudanganya. Fulu wale nimewashika kwa vidole hivi. Nikisema hapa kwamba nilidanganya, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya, tena ndani ya kanisa."

Kelele zilizuka. Lilian aliinamisha kichwa, na mimi nikajua nimeivunja harusi ya mwanangu kwa sababu ya samaki.

Pasta Mwita alisimama. Alingoja mpaka wakanyamaza. "Nilikwenda kule," akasema. "Nimeyaona. Wanayoyasema wale watu kuhusu mwanzo, mimi siyakubali, na Jumapili ijayo tutasoma Mwanzo sura ya kwanza yote ili kila mtu ajue ninaposimama. Watoto tutawatafutia mwalimu mwingine. Lakini mama huyu ameombwa aseme uongo mbele za Mungu, na amekataa, akijua anachopoteza. Sasa niambieni, ninamwadhibu kwa kosa gani?" Akatazama safu ya wazee. "Harusi iko palepale."

Mzee Zablon alichukua Biblia yake akatoka nje. Hakunisalimia kwa zaidi ya mwaka.

Shule ya Jumapili sikuirudia tena. Iliniuma, na nikisikia watoto wakiimba bado inaniuma. Msidhani mambo haya huisha bila mtu kupoteza kitu. Lakini Lilian aliolewa, na Pasta alimkaribisha Daktari Wanza kwenye kipaza sauti akisema, "Tunaye daktari wa samaki. Nimemwahidi leo sitataja nyani." Watu walicheka mpaka bwana harusi akapaliwa na soda. Wale wawili walikaa meza moja wakabishana huku wakila pilau, mpaka vijana wakaanza kuwakunjia hema vichwani.

Hawakuacha tena. Kila alipopita kwenda Migori Pasta alisimama stesheni, anakunywa chai yetu mbaya, ya fomalini kama alivyoiita kwa jina la dawa yetu ya kuhifadhia samaki, na kuuliza swali jipya. Mifupa ya samaki iliyo milimani ilifikaje huko? Jicho je? Daktari alikuwa akijiandaa kwa ajili yake kuliko alivyojiandaa kwa wageni wa kutoka ng'ambo. Aliniambia kwamba maswali mawili ya Pasta yalimlazimisha kuandika upya ripoti nzima. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Mara moja nilimsikia Pasta akiomba kabla ya chai: "Na umwonyeshe huyu dada njia, ingawa anaona zaidi yangu." Daktari akaitikia amina, kisha akamwambia, "Hiyo sehemu ya mwisho uiandike kwenye karatasi."

Daktari alistaafu kabla yangu akarudi Machakos. Pasta Mwita alipofariki, nilimpigia Daktari simu nikidhani atatuma rambirambi tu. Alikuja. Alisafiri siku nzima, licha ya magoti yake mabovu, akafika Kuria akiwa amevaa leso nyeusi juu ya gauni. Tulikaa naye kwenye viti vya plastiki miongoni mwa waombolezaji, ng'ombe wa marehemu wakilia zizini. Mzee Zablon, sasa akitembea kwa fimbo, ndiye aliyekuwa akiita wasemaji. Alipomwona Daktari alisita, akanitazama mimi, kisha akalisoma jina lake.

Daktari hakuwa na karatasi. Alisema, "Mimi ni yule mwalimu wa mabadiliko ya viumbe ambaye marehemu alimpinga." Watu wakageuka. "Nimepingwa na wengi. Wengi wao walinipinga wakiwa nyumbani kwao. Na walioniunga mkono, wengi waliniunga wakiwa nyumbani kwao vilevile. Huyu alipanda pikipiki, akaja, akavua koti, akaangalia kwa macho yake kutwa nzima. Ndipo akanikatalia." Akaligeukia jeneza. "Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na heshima hiyo nimeipata kwa mtu mmoja tu."

Mahali pale mtu akimaliza kusema, ni lazima mmoja aanze kuitikia, na hakuna aliyejua kama inafaa. Nilitaka kuanza mimi, lakini nikachelewa.

Mzee Zablon aliegemeza fimbo yake kwenye jeneza, akavua kofia.

"Amina," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.